Knute Rockne: Mwalimu wa Mchezo Aliyefundishwa na Wanafunzi Wake

Kila mwaka shule zifunguliwapo, wazazi wengi Wakatoliki hujiuliza swali lile lile: je, saa ambazo kijana wetu huzitumia uwanjani akifukuza mpira si saa zilizoibwa katika vitabu na sala? Wengine hujibu kwa ukali, wakauhesabu mchezo wote kuwa upuuzi. Wengine, hasa timu ya shule ichukuapo kikombe, husahau kabisa kuuliza. Sisi twaona ya kuwa majibu yote mawili yana upungufu. Basi badala ya kubishana kwa maneno matupu, twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lilijulikana Marekani nzima, na ambaye tangu kufa kwake yapata karne moja sasa. Mtu huyo ni Knute Rockne, kocha wa timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame.

Kwanza yatupasa kukifahamu chuo chenyewe, maana bila chuo hatuwezi kumfahamu mtu. Mwezi wa Novemba 1842, padre kijana Mfaransa aitwaye Edward Sorin, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alifika pamoja na mabruda wake mahali penye maziwa mawili madogo katika jimbo la Indiana. Nchi ilikuwa imefunikwa na theluji, nao walikuwa na fedha kidogo sana. Akaanzisha shule, akaiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu, akaiita Bikira Maria wa Ziwa. Mwaka 1879 moto uliteketeza jengo kubwa la chuo. Padre Sorin, aliyekuwa sasa mzee wa miaka 65, hakukata tamaa. Waliobaki walifyatua matofali usiku na mchana, na kabla ya mwaka huo kwisha masomo yalikuwa yameanza tena. Juu ya jengo hilo jipya liliwekwa kuba, likapakwa dhahabu, na juu ya kuba sanamu ya Bikira Maria. Tena Shirika hilo si geni kwetu Afrika Mashariki: mapadre wake walifika Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa Askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961.

Mchezo uliokipatia chuo hiki sifa si kandanda ichezwayo katika viwanja vyetu. Ni mpira wa Kimarekani, wenye wachezaji 11 kila upande. Mpira wake una umbo kama yai, hubebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa kwa mguu, na upande mmoja hujaribu kuuvusha mpaka mwisho wa uwanja, huku upande wa pili ukiwazuia kwa kuwakamata na kuwaangusha. Ni mchezo wa nguvu, lakini pia ni mchezo wa akili, kwani kila mtu hupewa kazi yake kabla mpira haujaanza. Timu ya Notre Dame ilicheza mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1887 dhidi ya Chuo Kikuu cha Michigan, ikashindwa kwa alama 8 kwa 0. Hivyo ndivyo ilivyoanza historia ambayo baadaye ilijaa ushindi.

Rockne hakuzaliwa Marekani, wala hakuzaliwa Mkatoliki. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji mdogo wa Voss, nchini Norwe, katika familia ya Kilutheri. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Wakati wa maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, baba alivuka bahari kupeleka kazi za mikono yake, na familia ikamfuata. Knute akiwa mtoto wa miaka 5 aliingia katika mji mkubwa wenye watu wa kila taifa, akajifunza Kiingereza na kucheza mpira katika viwanja vitupu pamoja na watoto wa wahamiaji wengine.

Alipotoka shule hakuwa na fedha za kuendelea na masomo. Akafanya kazi ya posta mjini Chicago kwa miaka kadhaa, akiweka akiba. Shabaha yake ilikuwa kuingia chuo cha serikali cha Illinois. Lakini rafiki zake wawili waliokuwa wakienda Notre Dame walimshawishi afuatane nao, maana huko gharama ilikuwa ndogo, na mwanafunzi maskini aliweza kupata kazi ya kumsaidia kulipa karo. Basi hakufika kwa Bikira Maria kwa ajili ya dini, bali kwa ajili ya unafuu wa ada! Mwenyezi Mungu huzitumia hata hesabu za mifuko yetu. Ilikuwa mwaka 1910, naye alikuwa na umri wa miaka 22, amewazidi umri wanafunzi wengi wa mwaka wake, tena Mprotestanti kati ya Wakatoliki.

Wazazi wanaosema kwamba mchezaji hawezi kuwa msomi na waangalie jinsi alivyosoma. Alichukua masomo ya kemia, akapata alama za juu. Alipiga filimbi katika bendi ya chuo, akaandika katika magazeti ya wanafunzi, akashiriki riadha, hasa kuruka juu kwa kutumia upondo. Mwalimu wake, Padre Julius Nieuwland, alikuwa bingwa mkubwa wa kemia, ambaye utafiti wake ulisaidia baadaye kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa, ule usiotoka katika utomvu wa mti. Alipomaliza masomo yake mwaka 1914, Rockne aliajiriwa kufundisha kemia hapo chuoni na kusaidia katika mafunzo ya timu. Mwaka huo huo alimwoa Bonnie Skiles, msichana Mkatoliki, katika kanisa la Sandusky, Ohio. Mungu akawajalia watoto wanne.

Lakini kabla ya hapo lilikuwa limetokea jambo lililobadilisha mchezo wenyewe. Wakati wa likizo ya mwaka 1913, Rockne na mwenzake Gus Dorais walipata kazi katika hoteli ya Cedar Point, kandokando ya Ziwa Erie. Kila walipopata nafasi waliteremka pwani wakiwa na mpira, Dorais akirusha na Rockne akikimbia kuudaka mikononi. Sheria ya kuruhusu kurusha mpira mbele ilikuwapo tangu mwaka 1906, ila timu kubwa ziliidharau, zikitegemea nguvu na uzito wa miili. Tarehe 1 Novemba 1913 Notre Dame, chuo ambacho watu wa mashariki ya Marekani walikuwa hawakijui, kilisafiri kwenda West Point kucheza na chuo cha maofisa wa jeshi. Askari walikuwa wakubwa wa maumbo. Vijana wa Indiana wakaurusha mpira juu ya vichwa vyao, wakashinda kwa alama 35 kwa 13. Si wao waliouvumbua urushaji huo, bali waliufanyia mazoezi wakati wengine wamepumzika. Hapo pana fundisho kwa kila kijana aliye mdogo wa mwili au mdogo wa mfuko.

Mwaka 1918 kocha Jesse Harper alipoacha kazi, Rockne alishika mahali pake. Ulikuwa mwaka mgumu wa vita na wa maradhi ya homa kali ya mafua iliyoua watu wengi duniani. Baada ya hapo ushindi ulianza kumiminika: mwaka 1919 hawakushindwa hata mara moja, wala mwaka 1920. Katika miaka yake 13 ya ukocha timu yake ilishinda mara 105, ikashindwa mara 12 tu, na kutoka sare mara 5.

Mchezaji aliyesifiwa kupita wote katika miaka ile ya mwanzo alikuwa George Gipp. Twataka kusema kweli juu yake, kwani habari za watu mashuhuri zikitiwa sukari mno huwa hazina faida. Gipp alikuwa na kipaji cha ajabu uwanjani, lakini alipenda kamari na kukesha mjini, na masomo aliyapuuza. Mapema mwaka 1920 wakuu wa chuo walimfukuza kwa kutohudhuria masomo. Kisha akarudishwa, na kati ya waliomwombea walikuwamo wafanyabiashara wa mji wa South Bend waliotaka kuiona timu ikishinda. Mwisho wa mwaka huo aliugua koo, na siku zile dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo leo hazikuwapo. Akafa tarehe 14 Desemba 1920, akiwa na umri wa miaka 25. Kabla ya kukata roho alipokelewa katika Kanisa Katoliki. Watu walikuwa wamempigia makofi kwa ajili ya miguu yake. Kitandani pake alikuja padre kwa ajili ya roho yake. Wazazi wa vijana wenye vipaji na walitafakari jambo hilo.

Ili tuelewe kwa nini timu hii ilipendwa sana, ni lazima tukumbuke hali ya Wakatoliki wa Marekani siku zile. Wengi wao walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji: Waayalandi, Wapolandi, Waitalia, watu wa viwandani na wa machimboni. Walidharauliwa, wakashukiwa kwamba hawawezi kuwa raia waaminifu kwa sababu wanamtii Baba Mtakatifu. Chama cha Ku Klux Klan, kilichowatesa watu weusi, kiliwachukia pia Wayahudi na Wakatoliki, na katika jimbo la Indiana kilikuwa na nguvu nyingi mno. Mwezi wa Mei 1924 wafuasi wake walikusanyika South Bend. Wanafunzi wa Notre Dame waliingia mjini, wakawavua kofia zao za kuficha nyuso, na ghasia zikazuka. Siku mbili baadaye, vijana walipokuwa wamekasirika tena, mkuu wa chuo, Padre Matthew Walsh, alikwenda mwenyewe usiku, akasimama mahali pa juu mbele ya mahakama, akawasihi warudi chuoni bila kulipa kisasi. Wakamtii.

Miezi michache baadaye yalipatikana majibu ya namna nyingine, yasiyohitaji ngumi. Timu ya mwaka 1924 ilicheza mechi 10 ikashinda zote. Wachezaji wake wanne wa nyuma, Stuhldreher, Miller, Crowley na Layden, hawakuwa watu wakubwa. Hakuna kati yao aliyezidi kilo 75. Baada ya kuishinda timu ya jeshi mjini New York, mwandishi Grantland Rice aliwafananisha na wale wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. Kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa na kazi ya kuitangaza timu, akawapandisha juu ya farasi kweli kweli wakapigwa picha, na picha hiyo ikaenea nchi nzima. Wale saba waliocheza mbele yao, wakipokea vishindo vyote ili wanne hao wapate njia, waliitwa Nyumbu Saba. Twafikiri kwamba katika kila familia na kila parokia wapo wapanda farasi wachache na nyumbu wengi, na bila nyumbu hakuna anayefika.

Tarehe 1 Januari 1925 timu hiyo ilicheza California na Chuo Kikuu cha Stanford, ikashinda kwa alama 27 kwa 10. Safari ile ya treni ilichukua muda mrefu, na kila mji waliosimama Wakatoliki walitoka kuwalaki, kana kwamba ni watoto wao wenyewe. Mtu asiyeweza kusoma kitabu kimoja cha chuo, wala kumpeleka mtoto wake huko, alihesabu ushindi wa Notre Dame kuwa wake.

Katika safari hizo alikuwapo mtu mmoja ambaye jina lake halikuandikwa katika kurasa za michezo. Huyo ni Padre John O'Hara, mlezi wa roho za wanafunzi, ambaye mwishowe akawa Askofu Mkuu wa Philadelphia, na mwaka 1958 Kardinali. Tangu mwaka 1905 Papa Pius wa Kumi alikuwa amewahimiza waamini kupokea Komunyo mara nyingi, hata kila siku. Padre O'Hara alilishika agizo hilo kwa bidii, akawazoeza wanafunzi kwenda mezani pa Bwana kila asubuhi, na timu iliposafiri alihakikisha ya kuwa wachezaji wanapata Misa Takatifu na Komunyo popote walipo. Siku zile aliyetaka kukomunika alifunga kula na kunywa tangu usiku wa manane. Haikuwa kazi ndogo kwa kijana mwenye mechi kubwa mbele yake.

Na hapa twafikia kiini cha habari yetu. Rockne, aliyekuwa bado Mprotestanti, aliyaona hayo yote kwa macho yake. Yeye ndiye aliyewaamuru vijana walale mapema, wale vizuri, wapumzike. Alikuta asubuhi ya mechi, katika mji wa ugenini, vijana wake wameukatisha usingizi kwa hiari yao wenyewe, wanatoka hotelini gizani kwenda kanisani. Mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyoguswa na mfano huo, akaona kwamba wanacho kitu ambacho yeye, mwalimu wao, hana. Hakuna mwanafunzi aliyembishia juu ya mafundisho ya Kanisa. Hakuna aliyemsukuma. Mkewe alikuwa Mkatoliki, watoto wake walilelewa katika dini hiyo, naye alikuwa ameishi kati ya mapadre kwa miaka 15. Lakini neema ilingoja mpaka ipite kwa wale aliowafundisha.

Tarehe 20 Novemba 1925, katika kikanisa kidogo cha magogo kilicho karibu na ziwa, Padre Vincent Mooney alimbatiza Knute Rockne. Siku ya pili yake alipokea Komunyo ya kwanza pamoja na mwanawe mdogo. Jioni ile ile timu yake, ikiwa nyuma kwa alama 10 kwa 0 dhidi ya Chuo Kikuu cha Northwestern, ilijikaza ikashinda kwa alama 13 kwa 10. Hatusemi kwamba Mungu huhesabu alama za mpira. Twasema tu kwamba siku hiyo mtu huyo alikuwa na furaha mbili, na ile kubwa ilikuwa ya asubuhi.

Je, tangu hapo alikuwa mtakatifu asiye na doa? Hasha. Wahenga wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi uliofuata tu baada ya ubatizo wake, Rockne alitia sahihi mkataba wa kwenda kufundisha katika chuo cha Columbia mjini New York, akavutwa na mshahara mkubwa. Habari zilipotoka magazetini mapema, aibu ikawa kubwa, mkataba ukavunjwa, naye akabaki Notre Dame. Mwaka 1926 aliiacha timu yake icheze bila yeye na chuo cha Carnegie Tech, akiidhani timu hiyo dhaifu, naye akaenda Chicago kutazama mechi nyingine kubwa. Wachezaji wake walishindwa kwa alama 19 kwa 0, wakaukosa ubingwa. Alipenda pia matangazo ya biashara, akalikodisha jina lake kwa kampuni ya magari ya Studebaker.

Mwaka 1928 ulikuwa mbaya kuliko yote, timu ikashindwa mara 4. Mwezi wa Novemba, siku 4 baada ya Mkatoliki Al Smith kushindwa katika uchaguzi wa Rais wa Marekani, Notre Dame ilikutana na timu ya jeshi New York. Hapo Rockne aliwaambia vijana wake juu ya ombi ambalo alidai Gipp alimpa kitandani pa mauti, kwamba siku moja mambo yakiwa magumu wamshindie yeye. Wakalia, wakatoka, wakashinda kwa alama 12 kwa 6. Wapo waandishi wa historia wanaotia shaka kama Gipp aliomba hivyo kweli. Sisi twaona kwamba aliyeijua nguvu ya maneno juu ya mioyo ya vijana yampasa ayapime maneno yake mara mbili.

Lakini tuangalie jambo jingine. Kwa nini makosa hayo hayakukiharibu chuo? Kwa sababu juu ya kocha walikuwapo mapadre walioujua mpaka. Fedha zilikuwa nyingi. Mechi moja ya Chicago iliweza kukusanya watu zaidi ya 100,000, na mapato yakasaidia ujenzi wa chuo. Hata hivyo, baada ya safari ile ndefu ya California, wakuu wa chuo walikataa timu isicheze tena michezo ya ziada baada ya msimu, kwani iliwaondoa vijana katika masomo. Waliushika uamuzi huo miaka mingi; timu haikucheza tena mchezo wa namna hiyo mpaka tarehe 1 Januari 1970. Rockne aliomba uwanja mkubwa kwa muda mrefu, akaambiwa asubiri, akakasirika, hata akataka kujiuzulu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na huyu bwana aliyezoea kushinda uwanjani alijifunza kushindwa ofisini kwa mapadre.

Mwishowe uwanja ulikubaliwa. Mwaka 1929, ulipokuwa ukijengwa, timu haikucheza nyumbani hata mara moja, na kocha mwenyewe aliugua mishipa ya damu ya mguu, akawa anaongoza mazoezi akiwa katika kiti cha magurudumu. Walishinda mechi zote 9. Mwaka 1930 uwanja ulifunguliwa, wenye nafasi za watu zaidi ya 50,000, na timu ikashinda mechi zote 10. Jina la Rockne lilikuwa juu kuliko la kocha yeyote Marekani.

Tarehe 31 Machi 1931, Jumanne ya Juma Takatifu, alipanda ndege mjini Kansas City kwenda California kwa shughuli za filamu juu ya Notre Dame. Wanawe wawili walikuwa shuleni mjini humo. Ndege, ambayo bawa lake lilikuwa la mti, ilivunjika angani ikaanguka katika malisho ya ng'ombe karibu na kijiji cha Bazaar, Kansas. Watu wote 8 waliokuwamo walikufa. Rockne alikuwa na umri wa miaka 43.

Rais Hoover alituma salamu za rambirambi, na Mfalme wa Norwe alimpeleka mjumbe wake na kumpa marehemu nishani. Jumamosi Takatifu, tarehe 4 Aprili, mwili wake uliingizwa katika Kanisa la Moyo Mtakatifu hapo chuoni, mkuu wa chuo, Padre Charles O'Donnell, akahubiri, na ibada ikasikika redioni nchi nzima. Wachezaji wake ndio waliolibeba jeneza. Wale wale waliomtangulia njiani kwenda kanisani katika miji ya ugenini, sasa walimpeleka wao wenyewe. Kifo chake kilileta hata faida kwa wasafiri wengine, maana kelele za watu ziliisukuma serikali kuchunguza ajali za ndege kwa uwazi zaidi, na ndege za mabawa ya mti zikaanza kuachwa, zikaundwa za chuma chepesi.

Chuo hakikufa pamoja naye. Frank Leahy, aliyechezea timu yake, akawa kocha, akatwaa ubingwa wa taifa mara 4 kati ya mwaka 1943 na 1949. Wengine wakautwaa mwaka 1966, 1973, 1977 na 1988. Wanawake walianza kupokelewa chuoni mwaka 1972, nao wakaleta sifa zao: ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 2001 na 2018, na wa soka mwaka 1995, 2004 na 2010.

Wapenzi wasomaji, tumeyaleta maisha haya mbele ya familia zetu si kwa sababu twataka kila mtoto awe bingwa. Twayaleta kwa sababu katika nchi yetu pia ushindi umeanza kudai sadaka. Wapo vijana wanaoitwa mazoezini asubuhi ya Jumapili saa ile ile ya Misa, na hakuna mzazi anayefungua kinywa, maana kocha akikasirika mtoto ataachwa nje ya timu. Ipo michuano ipangwayo juma la mitihani. Yupo mwanafunzi apewaye ruhusa ya kutojua kusoma vizuri, kwa kuwa mguu wake wa kushoto ni hodari. Na mguu huo ukivunjika, waliomshangilia hawamjui tena. Hilo ndilo jambo alilotufundisha Gipp kwa kifo chake na mapadre wa Notre Dame kwa ukaidi wao.

Basi mzazi asimkataze mtoto kucheza. Na amwulize mwalimu wa michezo, kwa heshima lakini bila woga, mazoezi ni saa ngapi na Misa itasaliwa lini. Atazame daftari kabla ya kutazama medali. Nao walimu wa shule zetu na wakumbuke kwamba uwanja ni darasa, na kwamba mwenye darasa ni shule, si timu.

Na wewe kijana uchezaye, usidhani kwamba hakuna akutazamaye ila washabiki. Pengine mwalimu wako, ambaye hajaingia kanisani miaka mingi, anakuona ukitoka bwenini asubuhi ya mechi na rozari yako mfukoni. Huna haja ya kumhubiria. Nenda tu, urudi kwa wakati, ucheze kwa haki.